Sakafu ya mbao Majengo ya Nyeri: adui ni maji, si baridi

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kwa mtu wa Mombasa au Malindi laweza kuonekana la anasa: sakafu ya mbao. Kwetu pwani sakafu ya simiti ni neema. Joto likizidi, mtu hutandika mkeka akalala chini apate ubaridi. Lakini jamaa zetu walioko Majengo ya Nyeri wana hesabu nyingine. Mji ule uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na ikifika Julai simiti inauma nyayo hata ukivaa soksi. Nasi ni watu wa kuvua viatu mlangoni, kuketi mkekani na kuswali chini. Kwa familia kama hiyo sakafu si pambo la kuonyesha wageni, bali ndipo mahali inapoishi.

Ndiyo maana wengi wao sasa wanataka sakafu ya vipande vya mbao vinavyopangwa na kubandikwa, ile mafundi waiitayo pakei. Ni jambo zuri, ila pesa nyingi zinapotea. Pakei nzuri haimalizwi na miguu ya watu. Inamalizwa na maji, na mara nyingi maji hayo huwa yameshaingia kabla kipande cha kwanza hakijabandikwa.

Dada yangu ameolewa Majengo. Aliweka akiba ya chama kwa miaka miwili ili sebule yake iwe na pakei. Fundi akamwaga zege, akangoja wiki tatu, akabandika mbao ili kazi iishe kabla ya Idi. Idi ikapita vizuri. Masika yalipoingia, vipande vikainuka katikati ya chumba kama nundu ya ngamia. Fundi akalaumu mbao, muuza mbao akalaumu fundi, na dada yangu akabaki na hasara.

Sababu yenyewe si siri. Mbao huvuta na kutoa unyevu hata miaka mingi baada ya mti kukatwa. Ikivuta unyevu hupanuka upande wa upana, ila urefu wake karibu haubadiliki. Kipande kimoja hupanuka kiasi cha unywele tu. Lakini mamia ya vipande vikipanuka pamoja baina ya kuta nne, havina pa kwenda ila juu. Mbao mbichi hufanya kinyume chake: hunywea wakati wa kiangazi na kuacha nyufa.

Kuchagua mbao

Mfalme wa pakei Kenya ni muhugu. Mti huu ni wa kwetu pia, kwani unamea msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, kama unavyomea Karura na Ngong huko Nairobi. Mbao yake ni nzito, ngumu, yenye harufu nzuri, na mchwa hawaiwezi. Sifa hizo ndizo zilizouponza. Umekatwa sana kwa sakafu na kwa vinyago, nao hukua polepole mno. Kwa hivyo ukiletewa muhugu mpya usio na kibali cha Huduma ya Misitu (KFS), kataa. Ukinunua utakuwa unalipia kumalizwa kwa msitu wetu wenyewe.

Njia bora ni muhugu wa zamani. Nyumba kuukuu zinapobomolewa mijini, vipande vyake hung'olewa na kuuzwa. Vimekauka kwa miaka mingi, na ukivipiga msasa hurudi kama vipya. Angalia tu mgongoni: vingi vilibandikwa kwa lami. Lami hiyo lazima ikwanguliwe yote, la sivyo gundi mpya haitashika. Na kama nyumba yenu tayari ina pakei ya zamani iliyofifia, msiing'oe ili muweke vigae. Ipigeni msasa.

Mvule nao ni mzuri. Mkaratusi unapatikana kwa urahisi huko milimani na ni mgumu, lakini hupinda na kupasuka ukikaushwa vibaya, kwa hivyo ununue tu uliokaushwa kwenye tanuri. Saipresi ni laini, mguu wa kiti unaacha shimo. Kuna pia zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandamizwa, zenye picha ya mbao juu. Ni rahisi na zinapendeza, lakini zikinywa maji hufura, na haziwezi kupigwa msasa zikawa mpya.

Muulize muuzaji unyevu wa mbao. Kwa nyumba ya bara usizidi takriban asilimia 12, na mwenye kiwanda cha kweli ana kipimo. Asipokuwa nacho, tumia mizani ya duka. Pima vipande vitano siku vinapofika, viweke ndani ya nyumba, kisha uvipime tena baada ya wiki. Ikiwa uzito ungali unashuka, mbao bado inakauka. Ngoja.

Kuweka

Kabla ya zege kumwagwa, hakikisha nailoni nzito imetandazwa chini yake kuzuia maji ya ardhini. Zege lenyewe huhitaji kama mwezi mmoja kukauka kwa kila inchi ya unene. Zege la inchi nne, basi, ni miezi minne, na kwenye ukungu na mvua za Nyeri ni zaidi. Kulipima ni rahisi. Chukua nailoni ya mita moja kwa mita moja, ibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote, uiache siku mbili au tatu. Ukiifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, bado maji yamo.

Mbao ziingie ndani baada ya madirisha kutiwa vioo, plasta kukauka na rangi kupakwa, zikae wiki mbili zizoee hewa ya nyumba. Sakafu isawazishwe kwa pimamaji. Gundi iwe ile ya kubandikia sakafu ya mbao, si gundi nyeupe ya maji ya kuunganishia fanicha. Kando ya kila ukuta iachwe nafasi ya milimita 10 hadi 12, ambayo baadaye hufunikwa na ubao wa pembeni. Hapo ndipo mbao hupata pa kupanukia. Fundi akikwambia nafasi hiyo ni uvivu wa kupima, tafuta fundi mwingine.

Gundi ikishakauka, msasa huanzia ule mkali na kumalizia ule laini. Vumbi lake huchanganywa na gundi likaziba mianya. Kisha hupakwa vanishi mara tatu, kila mara ikiachwa ikauke vizuri. Chooni, bafuni na jikoni usiweke pakei kabisa.

Kutunza

Hapa tuna tabia moja ya kuacha: kumwaga ndoo ya maji na kusukuma kwa ufagio. Pakei hufagiliwa kwa ufagio laini, kisha hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoki. Weka kitambaa kinene mlango wa bafuni, kwa sababu miguu ya watu watano waliotoka kutawadha mara tano kwa siku si maji kidogo.

Mtoto akikojoa, kausha kwanza mpaka pasibaki kitu, kisha pitisha maji machache mahali pale na uyafute papo hapo. Kuhusu kiasi cha maji kinachotosheleza tohara, muulize ustadhi wako. Ninachosema mimi ni kwamba mafuriko hayana haja. Na jiko la makaa lisiwekwe juu ya mbao. Linaacha alama isiyofutika, na moshi wake usioonekana unaua watu waliolala.

Kila baada ya miezi kadhaa, dondosha tone la maji sakafuni. Likisimama kama shanga, vanishi ni nzima. Likinywewa, wakati wa kupaka upya umefika, na ukipaka mapema hutahitaji hata msasa mzito.

Dada yangu sasa anaanza tena, chumba kimoja tu, kwa muhugu wa nyumba iliyobomolewa. Nailoni yake imebandikwa sakafuni, na fundi mpya ameambiwa hakuna atakayemharakisha, hata Idi ikiwa kesho.