Samaki wako wa miaka 20 akifa, tangi zima liko hatarini

Mwambie mtu kwamba samaki wako amekufa na roho inakuuma, uone atakavyocheka. "Si ununue mwingine?" Kwa wanaofuga viumbe wa matumbawe nyumbani, hilo si jambo la kucheka. Samaki tunayemwita Nemo, yule wa rangi ya chungwa na mistari myeupe aliyepata umaarufu kwa filamu ya mwaka 2003, akitunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 20 na zaidi ndani ya tangi la kioo. Mbwa wengi hawafiki huko. Yaani mtoto anazaliwa, anasoma mpaka anamaliza sekondari, na samaki ni yule yule pale sebuleni.

Na siku anapokufa, mwenye tangi hana hata nafasi ya kuomboleza. Kwanza aokoe waliobaki.

Kwa nini haraka hivyo?

Mwili unaooza majini hutoa amonia, sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Tangi lililokomaa lina bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo makali yake ni madogo. Shida ni kiasi. Baharini mzoga mmoja haubadili kitu, lakini ndani ya lita 100 bakteria hao wanaweza kuzidiwa.

Hatari zaidi ni anemoni, yule kiumbe laini mwenye minyiri mingi anayempa Nemo makao. Anaonekana kama ua, kumbe ni mnyama. Akifa huyeyuka upesi, maji yakawa na ukungu na harufu mbaya. Mara nyingine kilichomuua ni kitu kidogo tu: alihama usiku (ndiyo, anemoni hutembea) akanaswa na pampu ya kuzungusha maji.

Anemoni naye huishi sana. Mwaka 1828, mwanasayansi John Graham Dalyell alimtoa mmoja kwenye pwani ya Scotland na kumweka kwenye chombo cha kioo. Anemoni huyo, aliyekuja kuitwa "Granny", yaani Bibi, aliishi kuliko Dalyell mwenyewe, akarithiwa na watunzaji wengine, na akafa mjini Edinburgh mwaka 1887. Gazeti la The Scotsman lilichapisha tanzia yake. Miaka 59 chini ya uangalizi wa binadamu si mchezo.

Ufanye nini?

Toa mzoga mara moja, hata kama unatamani kumwangalia kidogo. Pima amonia. Badilisha sehemu ya maji, si yote, kwa maji ya chumvi uliyoyaandaa yakiwa na joto na chumvi sawa na ya tangini: nyuzi 25 hivi za Selsiasi, na chumvi karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Weka mkaa maalumu wa kuchuja maji na uongeze hewa.

Halafu tafuta chanzo. Hita imeharibika? Umeme ulikatika usiku? Pampu ikisimama, oksijeni hushuka, na kwa sisi tuliozoea umeme kukatika bila taarifa, pampu ya hewa ya betri ni ya lazima, si anasa.

Mjane anayebadilika jinsia

Hapa ndipo wengi hushangaa. Wakiwa wawili, Nemo mkubwa ndiye jike, na ndiye mwenye amri. Jike akifa, dume aliyebaki hubadilika taratibu kuwa jike. Ndivyo ilivyo hata kwa jamaa zake wanaoishi kwenye miamba ya Kenya na Tanzania. Kwa hiyo ukitaka kumtafutia mwenzake, chukua mdogo kuliko yeye, huyo atakuwa dume. Ukileta mkubwa, tegemea vita. Lakini usikimbilie dukani kesho yake. Ngoja amonia isomeke sifuri, na mgeni mtenge kwenye tangi lingine kwa wiki kadhaa asije na ugonjwa.

Ukikata tamaa kabisa

Wapo wanaoamua kufunga tangi. Ni haki yao, ila waliobaki wape mfugaji mwingine, usiwaachie baharini. Samaki simba, mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, leo ametapakaa Karibi akila samaki wa huko, na wanasayansi wanaamini chanzo ni matangi ya watu.

Na mawe ya tangini usiyachemshe ili kuyasafisha. Baadhi ya viumbe wanaoota juu yake, wadogo kama vifungo vya shati, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi za asili. Wapo waliolazwa hospitalini na familia zao kwa kuvuta mvuke wake tu. Ukiyashika, vaa glavu na miwani ya kukinga macho, na usiyasugue yakiwa makavu.