Tathmini ya Mashamba ya Upepo Baharini na Hifadhi ya Makazi ya Viumbe

Shamba la upepo ni eneo ambamo mitambo mingi husimikwa ili kuugeuza upepo kuwa umeme. La kwanza kujengwa baharini lilikuwa Vindeby, nchini Denmark, mwaka 1991, nalo lilikuwa na mitambo 11. Makala haya yanakusudia kueleza swali moja: umeme usiotoa moshi unapotafutwa mahali panapohifadhiwa kwa ajili ya viumbe, madhara yathibitishwe na nani?

Jibu la kisheria limo katika Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1992 kuhusu makazi ya viumbe. Kifungu cha 6 chaweka hatua mbili. Kwanza huchunguzwa kama mradi waelekea kuiathiri hifadhi kwa kiasi kikubwa, peke yake au pamoja na miradi mingine. Ikionekana hivyo, hufanywa tathmini kamili kwa kuzingatia malengo ya hifadhi hiyo. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya uvuvi wa kombe kwenye Bahari ya Wadden, Uholanzi, ilifafanua kwamba idhini hutolewa tu pasipobaki shaka ya kisayansi yenye msingi. Yaani mwenye mradi ndiye anayebeba mzigo wa shaka, wala si hifadhi.

Mfano ulio wazi ni London Array, kwenye mlango wa mto Thames, Uingereza. Awamu yake ya kwanza, yenye mitambo 175 na uwezo wa megawati 630, ilizinduliwa mwaka 2013. Katika maji hayo maelfu ya ndege wazamiaji wenye koo jekundu (Gavia stellata) hupitisha majira ya baridi. Hatari yao kubwa si kugongwa na mapanga ya mitambo, bali kufukuzwa. Ndege hao ni waoga mno: uchunguzi katika maji ya Ujerumani umeonyesha kwamba idadi yao hupungua hata kilomita 10 kutoka kwenye mitambo. Kwa hiyo kuhesabu mizoga hakutoshi. Yapasa kupima pia eneo la malisho linalopotea. Mwaka 2014 awamu ya pili iliachwa, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni kwamba ingelazimu kungoja karibu miaka mitatu ili takwimu za ndege hao zipatikane.

Hata hivyo sheria haikufunga mlango kabisa. Pasipo njia nyingine, na kwa maslahi makubwa ya umma, mradi wenye madhara waweza kuruhusiwa kwa sharti la fidia. Ndivyo Hornsea Three, katika Bahari ya Kaskazini, ilivyoidhinishwa mwaka 2020: iliamriwa kwamba shakwe wa aina ya Rissa tridactyla wajengewe mahali pa kutagia.

Lakini fidia nayo yahitaji kipimo, kwa maana hasara isiyojulikana hailipiki. Hali ya hewa ya dunia haingoji, na ndege aliyehama hatoi ushahidi. Kwa sababu hiyo hesabu ya viumbe haina budi kuanza miaka kadhaa kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.