Difu ya 4.3, 4.1 au 3.9? Piga hesabu kabla ya kutoa pesa

Wiki hii siasa nimeiweka kando, maana nyumbani kwetu kuna mjadala uliozidi hata ule wa wawaniaji ugavana.

Mpwa wangu ana gari ambalo mamake hulipigia kelele kila akilisikia likiingia mtaani: Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya viti viwili na paa la turubai, injini ya lita 1.6. Amelinunua mkono wa tatu kwa akiba ya miaka minne. Mwezi uliopita difu ikaanza kulia. Fundi alipomwaga oili, tuliona vipande vya chuma vikimeta ndani ya karai. Hapo hakuna la kujadili, difu imekwisha.

Lililojadiliwa ni difu gani aweke. Kwa simu alipata tatu za mtumba: ya 4.3 kama yake, ya 4.1 na ya 3.9. Wenzake wa maskani wakagawanyika. Wako waliosema namba ndogo ndiyo yenye mbio, na wako walioapa kuwa namba kubwa ndiyo yenye nguvu. Akaja kwangu: "Mjomba, wewe ndiye uliyesomea magari, nani mkweli?" Stashahada yangu ya ufundi ina zaidi ya miaka ishirini, lakini meno ya gia hayajabadilisha hesabu zake.

Wote ni wakweli nusu. Ndani ya difu mna gia ndogo, pinioni, inayozungushwa na propela, nayo huzungusha gia kubwa, krauni, inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Pinioni ikiwa na meno 10 na krauni 43, propela itazunguka mara 4.3 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Krauni ya meno 41 kwa 10 ni 4.1. Meno 43 kwa 11 ni 3.9 na ushee. Namba ikiwa kubwa, injini huzunguka zaidi kwa kila mita ya barabara, na msukumo wa gurudumu huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Namba ikiwa ndogo, injini hupumzika na gari huwa zito kuondoka.

Nikachukua karatasi. Gari hili lilitoka kiwandani na tairi za 185/60 za inchi 14, ambazo kila mzunguko hulipeleka mbele mita 1.8 hivi. Gia ya tano ya giaboksi yake ni 0.814. Kwa spidi ya kilomita 100 kwa saa, difu ya 4.3 huizungusha injini kama mara 3,210 kwa dakika. Ya 4.1 huizungusha mara 3,060, na ya 3.9 mara 2,920. Basi ugomvi wote wa maskani ni wa mizunguko kama mia tatu, ambayo ukiwa na paa wazi upepo utakuziba masikio usiisikie.

Gia ya pili ndiyo inayofunua mambo zaidi, kwa sababu gari jepesi raha yake iko humo: kona, kuvuta, kona tena. Ukiivuta injini mpaka 7,000, difu ya 4.3 itakufikisha kilomita 94, ya 4.1 itakufikisha 98, na ya 3.9 kama 103. Anayeshindana kwenye uwanja wenye kona inayotokea kwenye kilomita 100 atatamani ile ya 3.9 ili asibadilishe gia katikati ya kona. Kila badiliko la gia ni muda ambao gari halisukumwi. Lakini mpwa wangu anatoka Mtwapa kwenda kazini mjini kila siku, na mara mbili kwa mwezi hwenda Voi kwa wakwe. Kwenye foleni ya Mtwapa anaishi ndani ya gia ya kwanza. Kwa difu ya 4.3, gia hiyo na difu kwa pamoja huzidisha nguvu ya injini mara 13.5. Kwa 3.9 ni mara 12.3. Tofauti hiyo italipwa na klachi, asubuhi na jioni. Na pale Mazeras, nyuma ya malori ya kontena, difu ya 3.9 itamlazimisha kurudi gia ya nne mapema zaidi.

Halafu liko jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia. Gari lenyewe lina kilo kama 950. Kutoka 4.1 hadi 4.3 unapata msukumo wa ziada wa asilimia 5 hivi. Mkewe akipanda na mkoba wake, uzito wa gari na dereva unaongezeka kwa zaidi ya hiyo. Gari jepesi ndivyo lilivyo: kilo chache zina sauti kubwa. Mwenye kutafuta wepesi aanze kwa kutoa spika zile alizojaza kwenye buti.

Hii 3.9 nayo si kwamba Mazda walikosea. Wao waliifunga kwenye baadhi ya MX-5 za kizazi cha pili zenye giaboksi ya gia 6, na gia ya kwanza ya giaboksi hiyo ni 3.76, wakati ya mpwa wangu ni 3.136. Zidisha 3.76 kwa 3.9 utapata 14.7, yaani gari lile huondoka kwa wepesi zaidi hata ya lake lenye 4.3. Anayekwambia difu fulani ni nzuri bila kukuuliza giaboksi yako, anauza.

Ya 4.1 nilikuwa na nafsi nayo. Ilikuja na injini ya lita 1.8 kwenye modeli ya mwaka 1994, na krauni yake ni kubwa zaidi, inchi 7 badala ya 6, hivyo ni imara. Ila haiingii peke yake kwenye gari la 1.6. Unahitaji pia propela yake na hafushafti zake. Kwa mwenye turbo ningesema lipa. Kwa injini iliyo kama ilivyotoka kiwandani, krauni ya inchi 6 inatosha usipokuwa mtu wa kuruka na klachi kwenye taa.

Na spidomita usiisahau. Kwenye gari hili inachukua mizunguko kutoka giaboksi, wala haijui kama umebadilisha difu. Ukitoka 4.3 kwenda 3.9, ikisoma 50 wewe uko kwenye 55. Eneo la kilomita 50, penye shule na watoto wanavuka, hizo tano si mzaha, na trafiki mwenye kamera hatakusikiliza hadithi ya meno. Dawa ni kubadilisha kigia kidogo cha spidomita pale kwenye giaboksi. Wengi hawakibadilishi.

Nilipomaliza kueleza haya, mpwa wangu akakuna kichwa. Kumbe alikuwa ameshatuma arubuni ya ile 4.1, na difu iko njiani! Ikafika, imeandikwa 4.1 kwa kalamu nyeupe. Nikamwambia tuhesabu. Tukaipiga chaki, yeye akashika upande mmoja wa kutokea nguvu usizunguke, mimi nikazungusha wa pili mara 20 kamili, na kijana wa fundi akahesabu pinioni. Difu ya kawaida ukiifanyia hivyo, krauni huzunguka mara 10, kwa hiyo pinioni itakupa 43, 41 au 39 bila ubishi. Kama pande zote mbili zinakwenda pamoja, hiyo ni difu ya kufunga: zungusha zote mara 10 tu. Yetu ilitoa 39. Tukarudia, 39.

Muuzaji kwanza alisema tumekosea kuhesabu. Nikamtumia video. Siku sita za simu, na nusu ya arubuni ikarudi. Nusu nyingine tunaambiwa inshaAllah.

Akanunua ya 4.3, ileile namba aliyokuwa nayo. Hii tuliihesabu dukani kabla ya kutoa shilingi, tukatingisha pinioni kusikiliza kama beringi zimelegea, tukaangalia meno kwa tochi. Ilifungwa Ijumaa baada ya swala, ikatiwa oili mpya, na pesa zilizobaki zimenunua breki padi za mbele. Kilio kimekwisha, alhamdulillah. Mamake bado analipigia kelele.