Jenga Linux yako mwenyewe: Kosa la kwanza ndilo mwalimu

Simu ya Android iliyo mkononi mwako inaendeshwa na kerneli ya Linux. Ruta nyingi za WiFi pia. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya TOP500, yaani zile zenye nguvu zaidi duniani, zinatumia Linux. Sasa jiulize: kati ya marafiki zako wanaojiita watu wa IT, ni wangapi wanaojua kilichomo ndani yake?

Kuna njia moja ya kujua, na haikudai hata bob moja ya karo. Inaitwa Linux From Scratch, au LFS kwa kifupi. Ni kitabu cha bure kwenye intaneti kilichoanzishwa na Gerard Beekmans mwaka wa 1999. Kinakuelekeza kujenga mfumo mzima wa Linux kutoka msimbo chanzo, programu moja baada ya nyingine, hadi kompyuta iwake.

Msimbo chanzo ni yale maandishi ambayo wanaprogramu waliandika kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kazi ya kuyageuza ndiyo kukompaili, na programu inayoifanya ni kompaila. Ubuntu ni kama chapati ya kibandani: unaipata ikiwa moto, unakula, unaenda zako. LFS inakukabidhi ngano na jiwe la kusagia.

Tuelewane mapema. Huhitaji LFS ili uandike CV au utazame filamu. Ukimaliza, hakuna anayekupa cheti. Tena mfumo huo haujisasishi wenyewe. Kila tundu la usalama utaliziba kwa mkono wako. Faida iko kwingine. Njiani utakwama, si mara moja, na kila ukikwama itabidi utafute chanzo. Ujuzi huo wa kutafuta chanzo ndio waajiri hulipia wakati seva imelala usiku wa manane na wateja wanalalamika.

UNACHOHITAJI

Waandishi wa kitabu wanapendekeza kompyuta yenye kori nne na RAM ya 8 GB. Laptopu yako ya ex-UK ikiwa chini ya hapo usife moyo, kazi itaenda, ila polepole. Tenga nafasi ya diski ya GB 10 kwa uchache. Ukitaka kuendelea kuongeza programu baadaye, tenga GB 30. Msimbo wote wa kupakua ni takribani nusu GB, kwa hivyo bando haitaisha.

Jambo la kwanza kabla ya yote: nakili kazi zako nje ya hiyo kompyuta. Utagawanya diski, na kugawa patisheni isiyofaa kunaweza kufuta mradi wa chuo kwa sekunde moja. Kama hiyo ndiyo laptopu pekee nyumbani, jenga ndani ya kompyuta pepe kama VirtualBox. Huko unaweza kuhifadhi hali ya mfumo na kuirudia mambo yakiharibika.

Pia unahitaji Linux nyingine ambayo tayari inafanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu kompaila yenyewe ni programu, na ili uikompaili unahitaji kompaila. Ni kama kuazima shoka la jirani ukate mti wa mpini wa shoka lako. Kwanza unatumia Linux ya jirani kujenga vifaa vya muda. Halafu unaingia ndani ya mfumo mpya kwa amri ya 'chroot' na kufunga mlango nyuma yako. Kutoka hapo unajenga kila kitu upya kwa vifaa vyako. Mwisho unakompaili kerneli na kuweka GRUB, ile programu inayouliza uwashe mfumo gani.

Muda je? Kitabu hakipimi kwa dakika maana mashine hazilingani. Kinatumia kipimo kiitwacho SBU, yaani muda ambao kompyuta yako inachukua kujenga paketi ya kwanza, Binutils. Ikiwa ilikuchukua dakika tatu, basi paketi ya SBU tano itachukua kama robo saa. Kwa watu wengi hii ni kazi ya wikendi kadhaa, si ya jioni moja.

MAHALI WATU HUKWAMA

Matatizo mengi huanza kabla hujakompaili chochote. Kwenye Ubuntu, jina 'sh' huelekea kwa programu ndogo iitwayo dash, ilhali LFS inataka bash. Vilevile 'awk' iwe gawk, na 'yacc' iwe bison. Kitabu kina skripti fupi ya kukagua haya yote. Iendeshe, na usipuuze hata mstari mmoja wa jibu lake. Ukiruka hapo, kosa litajitokeza baada ya saa tano likiwa limevaa sura nyingine kabisa.

Mtego wa pili ni neno dogo, LFS. Hilo ni jina linaloiambia kompyuta mfumo mpya uko wapi, kwa kawaida /mnt/lfs. Ukifungua terminali nyingine, jina hilo linaweza kuwa tupu, na amri za kusakinisha zitamwaga faili ndani ya Linux ya jirani badala ya yako. Hiyo ni noma, maana unaweza kuharibu mifumo miwili kwa mpigo. Kabla ya kuendelea, andika 'echo $LFS' uone jibu. Sekunde mbili tu.

Halafu kuna stima. Ikipotea katikati ya kazi, ukirudi usibonyeze tu amri ya mwisho ukidhani utaendelea pale ulipoachia. Weka jina LFS tena, unganisha patisheni, unganisha /dev, /proc, /sys na /run, kisha uingie tena kwa 'chroot' kama ulikuwa umefika hatua hiyo. Ile folda ya msimbo iliyoachwa nusu, ifute na uifungue upya kutoka kwa paketi. Mabaki ya ujenzi uliokatika huzaa makosa yasiyoeleweka.

SOMA KUTOKA JUU

Sasa twende kwa kiini cha mambo. Umeandika 'make', maandishi yanatiririka kama mvua ya Aprili, ghafla yanasimama. Chini kabisa unaona 'Error 2'. Wengi hunakili mstari huo na kuutuma kwa kila mtu: "Wasee, nisaidieni, imekataa."

Mstari huo haukuambii lolote. Ni 'make' inaripoti tu kwamba kuna kitu kiliharibika huko juu. Kosa lenyewe linaweza kuwa mistari 200 nyuma yake. Panda juu hadi uone neno 'error' la kwanza. Hilo ndilo la kurekebisha. Mengi yanayofuata ni vivuli vyake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni ule wa kwanza.

Ili usipoteze maandishi hayo, andika 'make 2>&1 | tee kazi.log'. Kila kitu kitaonekana kwenye skrini na pia kuhifadhiwa kwenye faili. Kama ulikuwa unajenga kwa kori nyingi, ujumbe wa kazi tofauti huchanganyika. Rudia kwa 'make -j1' ili kosa lijitokeze peke yake.

Ukiona neno 'Killed' na jina cc1plus, usilaumu msimbo. Mara nyingi RAM imeisha na kerneli imeua kompaila ili mashine isigande. Punguza idadi ya kori au ongeza nafasi ya swap kwenye diski.

Na pale kitabu kinapokuambia ufanye majaribio, fanya. Ya Glibc hasa yametajwa kuwa ya lazima, kwa sababu karibu kila programu kwenye mfumo huo inaitegemea. Ikiwa mbovu, kila utakachojenga juu yake kitayumba.

SIKU YA KUWASHA

Umemaliza paketi zote, unawasha, na skrini inakujibu: 'Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)'. Jina linatisha, lakini hakuna kilichoungua. Kerneli inasema tu kwamba imeshindwa kufungua diski yenye mfumo wako.

Angalia zile namba kwenye mabano. Zikiwa sufuri mbili, kerneli haijaiona diski kabisa: ama draiva yake haimo, ama jina la patisheni uliloandika kwenye GRUB si sahihi. Zikiwa namba nyingine, kama 8 na 2, diski imeonekana lakini kerneli haielewi mpangilio wa faili zake, kwa mfano ext4 haikuwekwa.

Dawa? Washa Linux ya jirani na uandike 'lspci -k'. Itakuonyesha ni draiva ipi inaendesha diski yako. Ingia tena kwa 'chroot', fungua 'make menuconfig', uitafute draiva hiyo na uiweke alama ya nyota, si M. M humaanisha ipakiwe baadaye kutoka kwenye diski. Lakini itapakiwaje ilhali diski yenyewe haijafunguka? Kompaili tena kerneli, inakili mahali pake, uwashe upya.

Ukikwama kabisa, omba msaada vizuri. Iwe unauliza mwanafunzi mwenzako au ChatGPT, toa mambo matatu: uko sura gani ya kitabu, uliandika amri gani, na kosa la kwanza linasema nini. Na ukipewa amri ya kurekebisha, usiibandike kabla hujaelewa inafanya nini, hasa kama inaanza na 'rm' au 'sudo'. Ukiibandika bila kuielewa, ni mtu mwingine anayejenga mfumo huo, na wewe ni kidole tu.

Basi wikendi hii usianze na kerneli. Nakili kazi zako, sakinisha kompyuta pepe, pakua kitabu, endesha ile skripti ya ukaguzi. Ikikuonyesha kosa, panda hadi mstari wa kwanza na uusome polepole, neno kwa neno.