Mnara wa Iskandaria

Neno mnara limetoka katika Kiarabu, manara, yaani mahali pa nuru. Mnara wa taa uliosifika zaidi ulijengwa kisiwani Pharos, Misri, mwaka 280 hivi kabla ya Nabii Isa (a.s.). Urefu wake unakadiriwa kuzidi mita 100: chini mraba, kati pembe nane, juu mviringo, na moto kileleni kuwaongoza mabaharia.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliuona mwaka 1326, upande mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 hakuweza hata kuufikia mlango. Matetemeko ya ardhi ndiyo yaliyouangusha. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alianza kujenga ngome pale pale, nayo ipo hadi leo.

Mnara umeondoka, habari zake zimebaki kwa sababu walioutembelea waliandika. Nawe andika unayoyaona.