Bakuli la Jirani Halirudi Tupu: Krispi ya Bluberi na Somo Tulilolipata



Ifikapo mwishoni mwa Julai, vichaka vifupi vya jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hujaa matunda madogo ya mviringo yenye rangi ya buluu iliyokoza. Ni bluberi za mwituni. Hazikuletwa na mtu kutoka ng'ambo. Zimeota katika ardhi ile tangu zama za kale, na wenyeji wa asili, Wawabanaki, walizichuma na kuzikausha kwa vizazi vingi kabla ya Wazungu kufika. Hadi leo wapo wavunaji wanaozikokota kwa reki za mkono zenye meno ya karibu karibu. Mavuno hudumu wiki chache tu, na tunda likishaiva halimsubiri mtu.

Sisi ni familia iliyotoka Tanga, na makazi yetu sasa ni Lewiston, mji wa jimbo hilo ambao tangu mwaka 2001 umepokea Waislamu wengi kutoka Somalia, na baadaye familia kutoka Kongo na kwingineko. Wapo miongoni mwao wanaosema Kiswahili, hasa waliopitia kambi za Kenya. Lakini jirani wa mlango wa pili si mmoja wao. Ni bibi mzee, mzaliwa wa huko huko, anayeishi peke yake. Katika kiangazi chetu cha kwanza alibisha hodi akiwa amebeba bakuli la kioo lenye moto, lililofunikwa kwa kitambaa. Tukalipokea kwa mikono miwili, tukashukuru, tukafunga mlango. Kisha tukabaki tumelitazama bakuli lile juu ya meza.

Ndani yake mlikuwa na matunda yaliyoiva kwa moto, yakitoa mchuzi wa zambarau, na juu yake tabaka la makombo ya rangi ya dhahabu. Harufu ilikuwa nzuri mno. Hata hivyo tulikuwa tumekwisha kuonywa kwamba baadhi ya watu katika nchi ile hutumia mafuta ya nguruwe katika unga wa kuoka, na kwamba viungo vingine huchanganywa na pombe. Hatukujua mle mna nini. Baba wa nyumba akapendekeza tulitupe kimya kimya, tuoshe bakuli, turudishe na kusema ahsante.

Binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, akauliza, "Baba, bibi akituuliza kama kilikuwa kitamu, tutamwambia nini?"

Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tunakimbia jambo la shaka kwa kuyaendea mawili yasiyo na shaka: israfu na uongo. Mama yetu mzazi, ambaye kwa kawaida huwa mkimya, ndiye aliyekata shauri. "Wanangu," akasema, "kuuliza si kumtukana mtu. Kumtupia chakula chake ndiko kumtukana. Nendeni mkamwulize."

Tukaenda, mtoto akiwa mkalimani wetu. Jirani hakukasirika hata kidogo. Alitukaribisha jikoni, akatoa kadi ya zamani iliyoandikwa kwa mkono, akatusomea kiungo kimoja baada ya kingine. Mafuta yalikuwa siagi ya maziwa. Mashaka yalibaki kwenye kijiko kimoja cha vanila. Kwa kanuni za Marekani, kimiminika kinachouzwa kwa jina la dondoo halisi ya vanila ni lazima kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35, na ndivyo kichupa chake kilivyoandikwa. Wanazuoni wamelizungumza suala hili, na wapo wenye rai tofauti. Sisi tukaona salama yetu ni kuliacha lenye shaka. Tukamweleza hivyo kwa adabu. Akatafakari kidogo, akasema bakuli lile atampelekea mpwa wake, nasi twende kesho yake tupike pamoja lingine lisilo na vanila.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza kupika krispi. Si zile krispi za viazi za kwenye pakiti; jina limetokana na ule ukavu wa tabaka la juu linalovunjika mdomoni. Ni pishi rahisi kuliko keki: halina mayai wala hamira, na halihitaji kusukuma unga. Mtoto wa miaka tisa huliweza, mkubwa akishika upande wa moto.

MAHITAJI (watu 8)

Matunda: bluberi vikombe 5 (kiasi cha gramu 750), sukari robo kikombe, wanga wa mahindi vijiko 2 vya chakula, maji ya limau kijiko 1 cha chakula, ganda la limau lililokwaruzwa, iliki ya unga nusu kijiko cha chai.

Tabaka la juu: oti za uji kikombe 1, unga wa ngano robo tatu ya kikombe, sukari ya kahawia nusu kikombe, mdalasini nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, siagi baridi gramu 115.

NAMNA YA KUTAYARISHA

Washa oveni ifike nyuzi 180 za Selsiasi. Osha matunda, yachuje maji vizuri, kisha yachanganye na sukari, wanga, limau na iliki ndani ya bakuli la kuokea.

Katika chombo kingine changanya vitu vikavu vya tabaka la juu. Katakata siagi vipande vidogo, uifikiche ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka upate makombo makubwa na madogo. Siagi isiyeyuke mikononi, kwani ikiyeyuka mapema tabaka hulainika na kuwa kama uji mzito. Mwaga makombo juu ya matunda bila kuyashindilia.

Oka kwa dakika 40 hadi 45. Usidanganywe na rangi ya juu peke yake: ngoja mpaka mchuzi utokote pembeni, maana wanga hauwezi kuufanya mzito usipochemka. Ukitoa, liache bakuli bila kulifunika kwa dakika 20. Mvuke ukifungiwa, ukavu wote hupotea. Bluberi zilizogandishwa hufaa pia. Usiziyeyushe kwanza, bali ongeza dakika 10 za moto.

Iliki na ganda la limau ndivyo vilivyoshika nafasi ya vanila. Iliki ilitoka katika kopo la mama, na jirani yetu alipoionja akaiongeza kwenye kadi yake kwa kalamu.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wasiikose krispi kwa kukosa bluberi. Msimu wa maembe, yanapoanguka mengi kuliko yanavyoliwa, chukua maembe yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, yakate vipande, punguza sukari ya matunda hadi vijiko 2 vya chakula, na utie ndimu. Nanasi pia hufaa, likichujwa maji. Asiye na oveni atumie sufuria nzito, moto mdogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko, kama tunavyooka mkate wa kumimina; afunue mapema, mara tu juu panapokuwa na rangi.

Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr (r.a.) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani zake. Krispi nayo huongezeka vivyo hivyo: vikombe viwili zaidi vya matunda, konzi moja au mbili za makombo, na nyumba ya pili imepata.

Siku ile, tulipotaka kurudisha bakuli la kioo, mama alituzuia mlangoni. Kwao Tanga, alisema, bakuli la jirani halirudi tupu. Akalijaza vitumbua, na kabla hatujatoka akamwagiza mjukuu wake amweleze bibi kila kilichomo: mchele, nazi, sukari, hamira na iliki. "Alitusomea chake," akasema, "nasi tumsomee chetu."

Bakuli hilo limevuka ua mara nyingi tangu siku ile, na kila linapovuka, mtoto huulizwa kwanza mna nini ndani. Wala hakuna anayeona haya kuuliza.