Kupanga Nyumba na Kupata Shule Tunduma

Tunduma, mji wa mpaka wa Tanzania na Zambia katika mkoa wa Songwe, ulihesabiwa kuwa na watu 97,562 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilikuta 219,309. Nyumba, maji na madarasa vimekuwa vikiikimbiza idadi hiyo tangu wakati huo, na ndiyo sababu familia inayohamia mjini hapa huamua mambo mawili kwa mkupuo mmoja: inapochagua nyumba, imechagua na shule.

Kata za katikati, kama Tunduma, Majengo, Sogea na Kaloleni, ziko karibu na forodha, masoko na stendi. Huko makazi ya kawaida ni nyumba ya wapangaji wengi: vyumba vinatazamana uani, choo ni cha wote, na mita ya LUKU ni moja, hivyo mwenye friji na mwenye taa moja hugombana kila umeme unapokatika. Chumba na sebule chenye choo ndani hupatikana kwa kodi kubwa zaidi, ambayo mara nyingi hulipwa miezi kadhaa mbele, na dalali naye ana chake. Kwa anayefanya kazi mpakani bila watoto, mahali hapo panatosha.

Mwenye watoto huangalia zaidi pembezoni. Mpemba, kwenye barabara kuu ya kuelekea Vwawa, ina nafasi ya nyumba nzima yenye uwanja. Tatizo lake ni malori. Tangu zamani foleni ya kuingia Zambia imekuwa ikirefuka kando ya barabara hiyo, na Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019 kiliharakisha ukaguzi, hakikuondoa malori. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, shule iliyo upande wa pili wa barabara kuu iko mbali hata kama paa lake linaonekana kutoka mlangoni.

Anayetaka kununua nyumba karibu na lami apime kwanza. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Alama ya X nyekundu ukutani ina maana nyumba itaondoka bila fidia; ya kijani, mwenye nyumba atalipwa.

Shule ya msingi ya serikali huandikisha watoto wa maeneo yake, na ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016. Sare, madaftari na chakula vimebaki kwa mzazi. Shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zina mabasi ya kuchukua watoto, na hapo kata ya makazi hupungua umuhimu, ila basi nalo hukaa foleni. Wafanyabiashara wanaosafiri mara kwa mara walizoea kupeleka hata watoto wadogo bweni. Tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mtoto huyo sasa anahitaji nyumba yenye mtu mzima.

Kwa sekondari, mzazi hana uchaguzi mkubwa: mwanafunzi hupangiwa shule na TAMISEMI, na wengi hupelekwa sekondari za kutwa za kata. Jambo la kuzingatia ni mtaala mpya ulioanza 2024, uliopunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza. Mwenye mtoto katika madarasa hayo, kabla ya kulipa kodi, aende ofisi ya mtendaji wa kata akaulize sekondari ya hapo ina vyumba vingapi vya madarasa, na vingapi vinajengwa.